Kelele za Makusudi

"Nakuomba kitu kimoja tu, Baba," Chiriku alisema, akitua boksi la pili juu ya meza. "Pitia viungo. Kila palipolehemiwa, patikise kidogo. Pakilegea, ongeza risasi. Basi. Kingine usiguse."

Fundi alishusha miwani kutoka kwenye paji la uso, akachungulia ndani ya boksi. Mlikuwa na makopo ya mafuta ya nywele, masanduku ya viatu, droo iliyong'olewa kwenye kabati, na sahani ya bati iliyotobolewa matundu. Kila kimoja kilikuwa na nyaya tumboni na spika ndogo iliyogandishwa kwa gundi, nyingine zimekaa upande kama kofia ya mlevi.

"Hivi ndivyo mlivyokuwa mnafanya muda wote huu?"

"Ndivyo."

"Na hii sahani ni ya nini?"

"Baba." Chiriku alitazama saa ya ukutani. "Nikianza kukueleza sahani, viti vya ukumbini havitapangwa. Viungo tu. Kesho mwenyewe utaona."

Kwa kawaida binti huyu hakuhitaji kubembelezwa ili aeleze jambo. Jina la Chiriku alipewa na majirani, kwa kuwa tangu utotoni alizungumza mpaka usingizini. Lakini habari za warsha yake alizibania nyumbani kama mtu aliyebania fungu la mwisho. Fundi aliijua sababu, ingawa hakuwahi kuitamka.

Siku ya kwanza ya warsha alikwenda. Alivaa shati lake la misiba na harusi, akasimama karibu na mlango wa chumba cha warsha katika ukumbi wa mtaa, akiwatazama watu wazima ambao hawajawahi kushika waya wakijifunza kuunda sakiti za umeme kutoka mwanzo. Chiriku alimtambulisha. "Huyu ni baba yangu. Alikuwa fundi redio." Watu wakapiga makofi, yale ya kumpigia mtu anayestaafu. Mwashi mmoja mwenye mwili mkubwa akasema, kwa wema kabisa, "Loo, Mzee, kumbe mafundi redio bado mpo!" Wakacheka. Fundi naye akacheka. Kisha akasingizia dawa zake, akarudi nyumbani, na wakati wa chakula akasema maneno matatu: "Michezo ya watoto." Chiriku alinyanyua sahani yake akaenda kuiosha. Tangu siku ile hakueleza tena.

Sasa yalikuwa yamebaki maonyesho ya kesho. Msimamizi wa ukumbi alikuwa amemwazima Chiriku chumba kwa majaribio. Wageni wakiona na kusikia kitu cha maana, chumba ni chake mwaka mzima. Wasipoona, chumba kinakwenda kwa wapambaji wa harusi, ambao walikuwa wanakitaka kwa ajili ya viti na vitambaa vyao. Na chumba kikienda, Chiriku alishasema, yeye anarudi kwenye duka la simu. Alikuwa ameliacha duka hilo baada ya mwenye duka kumwambia mbele ya wateja kwamba ana mdomo mrefu kuliko mshahara.

"Viungo tu," alirudia akiwa mlangoni.

"Nimesikia, mwanangu."

*

Fundi alifanya kazi kwa mpangilio. Alitandika kitambaa, akapanga bisibisi, koleo na pasi ya kulehemu kuanzia ndogo hadi kubwa, akawasha feni izungushe moshi wa risasi. Alianza na kopo la mafuta ya nywele. Akatikisa kiungo cha kwanza, kikakaa imara. Cha pili, imara. Alinyanyua nyusi. Hawa watu walikuwa wamefundishwa kulehemu vizuri: risasi inang'aa, haina uvimbe.

Angeishia hapo. Lakini hakuna kitu kilichowahi kutoka mikononi mwake bila kuwashwa. Betri zilikuwa zimetolewa ili zisiishe kabla ya maonyesho, kwa hiyo akaunganisha kopo na kifaa chake kidogo cha umeme cha mezani.

Kopo likapiga ukelele. Akalisogezea mkono alizime, ukelele ukapanda. Akaondoa mkono, ukashuka.

"Paka wa nani huyo?" Mama Chiriku aliuliza kutoka chumba cha pili. Alifua na kupiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni, na siku za kazi nyingi aliyaleta mengine nyumbani.

"Kazi ya mwanafunzi wa mwanao."

"Kakanyagwa mkia?"

Fundi hakucheka. Alichukua sanduku la viatu. Vipande viwili vya shaba vilikuwa vimechomoza nje ya sanduku, vitupu, havikufunikwa. Alipovigusa kwa vidole viwili, sanduku likaguna kama mtu aliyeumwa tumbo. Alichukua droo. Ndani yake kulikuwa na kijidude kidogo cha kuhisi mwanga. Alipoigeuzia dirishani, droo ikaanza kulalama. Alipoikinga kwa kiganja, ikanyamaza. Akaiweka chini polepole, kama daktari anayeweka chini karatasi ya majibu.

"Wagonjwa wote," alisema. "Hakuna hata kimoja kizima."

Kwa Fundi, kitu chenye spika kilikuwa cha kupitishia sauti ya kitu kingine: muziki, taarifa ya habari, mtu anayetangaza. Hakuwa na shaka kwamba kesho Chiriku angeleta muziki na kuupitisha humo. Chombo kizuri hukaa kimya mpaka muziki ufike. Chombo kinacholia chenyewe ni kibovu. Maisha yake yote alikula na kulea kwa kuwinda milio ya namna hiyo, mmoja mmoja, na kuizima. Na hakuna fundi mwenye akili zake anayeacha shaba tupu nje, mahali ambapo mtu anaweza kuishika.

Aliwaza juu ya sauti ya binti yake. Viungo tu. Kingine usiguse. Akamwonea huruma.

Alifungua bati ambamo alitunza kapasita zake nzuri, vidude vya kumeza kelele, zile alizozichomoa kwenye redio za zamani, redio zilizotengenezwa na watu waliojua kazi. Hakuwahi kumuuzia mtu hata moja. Akaanza kuzichagua.

Mama Chiriku alitokea mlangoni na shuka begani. "Si alisema viungo?"

"Alisema viungo kwa sababu anaona aibu."

"Kakuambia anaona aibu?"

"Mama Chiriku, mtu hasemi ugonjwa wa chombo chake. Mteja anakuja, anakuambia, 'Fundi, imezima yenyewe tu, wala sijaigusa.' Unafungua, unakuta maji ya sabuni. Ukimsikiliza mteja utatengeneza kisichoharibika. Unasikiliza chombo. Chombo hakidanganyi."

"Chiriku si mteja."

"Mtoto wako ndiye mteja mgumu kuliko wote. Atakufa na shida yake kabla hajakuomba."

Mkewe alimtazama kidogo. "Haya. Mimi ni wa mashuka, sijui nyaya. Lakini mgeni akiniambia usitie wanga, sitii wanga. Hata kama shuka lenyewe linanililia."

Akarudi kwenye pasi yake. Fundi akainama. Kila kilichopiga kelele alikitia kapasita mahali panapofaa, kikatulia. Kila shaba tupu aliikunja na kuifunga utepe mweusi, safi, bila mkunjo. Kwenye droo aliona kijidude kile cha mwanga ndicho chanzo cha fujo yote. Akakikata, akaweka rezista ya kawaida, isiyojali mwanga, mahali pake. Alifanya kazi mpaka mgongo ukakataa kunyooka, na alipomaliza kila chombo kilikaa kimya mezani kama watoto waliooshwa. Kwa muda mrefu hakuwa amejisikia hivyo: kwamba nyumba hii ina kazi, na kazi hiyo ni yake kuifanya.

*

Chiriku hakuwa na sababu ya kuvijaribu. Alivikuta vimepangwa vizuri kwenye maboksi, akamwambia baba yake ahsante, akavipeleka. Betri zilitiwa wakati wageni wanaketi.

Chumba kilijaa kuliko walivyotegemea. Mama msimamizi wa ukumbi alikaa mbele, mikono juu ya mapaja. Kiongozi wa wapambaji alikaa nyuma yake, akipima madirisha kwa macho. Fundi alipewa kiti pembeni ya mstari wa kwanza, na safari hii hakusingizia dawa.

"Watu hawa," Chiriku alisema, akionyesha wanafunzi wake waliosimama nyuma ya meza, "hakuna aliyekuwa anajua hata betri inaingia upande gani. Huyu ni msusi. Huyu ni mwashi. Huyu analinda shule usiku. Na huyu ni Bibi Karani, alikuwa ofisi ya masjala mpaka alipostaafu. Kila mmoja amebuni chombo chake mwenyewe, na sauti yake mwenyewe. Leo sitaongea sana."

"Ajabu ya leo hiyo!" mtu alipiga kelele, na watu wakacheka. Chumba kilikuwa kizuri, kimechangamka.

Bibi Karani ndiye aliyepewa nafasi ya kufungua. Alikuwa mwembamba, amevaa gauni lililopigwa pasi mpaka likasimama. Aliiweka droo yake karibu na dirisha, ikiwa imefunikwa kitambaa, akawatazama wageni kwa tabasamu la mtu mwenye siri, kisha akavuta kitambaa.

Hakikutokea kitu.

Akakirudisha, akavuta tena. Akaigeuza droo upande wa jua. Tabasamu lilibaki usoni lakini halikuwa na mwenyewe.

"Msusi," Chiriku alisema kwa upole, "hebu anza wewe."

Msusi akazungusha mikono yake kulizunguka kopo, kama anayepasha vidole moto. Kimya. Akalisogelea, akalitikisa, akaligonga kitakoni. Mwashi akaweka vidole vyake vinene juu ya sanduku la viatu, mahali palipokuwa na shaba, akakuta utepe. Akautazama kama mtu aliyekuta mlango wa nyumba yake umejengewa ukuta.

"Labda ni vyombo vya kusali kimoyomoyo," kiongozi wa wapambaji alisema, na wa nyuma wakaangua kicheko.

Fundi alikuwa anangoja muziki. Aliona jinsi vyombo vilivyotulia, hakuna hata mnong'ono, akatazama huku na huku kuona kama kuna mwingine anayelitambua hilo.

Chiriku alifunua kifuniko cha kopo. Alikaa akitazama ndani. Alipoinua kichwa, hakuwatazama wageni.

"Baba, ulifanya nini?"

Aliuliza kwa sauti ya chini, lakini Fundi alisimama ili ajibu vizuri, wote wasikie. "Nimeviponya," alisema. "Vilikuwa vinapiga kelele vyote. Sasa viko salama."

Msusi akashika kiuno. "Mzee wangu! Kelele ndiyo tuliyokuja kujifunza!"

Kicheko kilichofuata hakikuwa kibaya. Ni kile ambacho watu hucheka mtoto akimwaga maji kanisani au msikitini. Fundi alisimama ndani yake, mikono imening'inia, na jambo likamwingia polepole, tangu lile kopo lililomjibu mkono wake, mpaka droo iliyonyamaza kila alipoikinga. Havikuwa vimeharibika. Vilikuwa vinamwitikia.

"Nipeni koleo," alisema. "Nitavirudisha. Sasa hivi. Chiriku, nipe koleo."

"Keti, Baba."

"Nimevifunga mwenyewe, nitavifungua mara moja..."

"Keti, tafadhali. Si vyako." Aliwageukia wanafunzi wake. "Fungueni. Kila mtu atafute kisicho chake."

Fundi akaketi. Hilo ndilo lililomwuma zaidi, kukaa. Aliwatazama wakiinamia vyombo vyao mbele ya watu, wakifuata nyaya kwa ncha za vidole. Alijua kila kilipo. Mwashi alipapasa upande usio sahihi, na miguu ya Fundi ikatikisika chini ya kiti. Mlinzi na Msusi walibishana juu ya kapasita moja.

"Hii si yangu. Mimi sikuweka kitu cha bluu."

"Uliweka, mimi nilikuwepo."

"Ulikuwepo unapiga soga!"

Mwashi alibandua utepe kwa meno. Sanduku likaguna, zito, la kutoka chini kabisa, na watu wakapiga makofi. Lakini lilikuwa moja, na muda ulikuwa unakwenda. Kina mama wa mstari wa pili wakaanza kukusanya mikoba. Mtu akaaga kwa ishara. Kopo la Msusi lilipopata sauti, nusu ya viti vilikuwa vitupu, na sahani ya Mlinzi ilimlilia mfagiaji.

Droo ya Bibi Karani haikulia kabisa. Alikitafuta kijidude cha mwanga, akakuta miguu yake tu iliyokatwa. "Si neno," alisema. "Si neno, mwalimu." Akaifunga droo kwenye kitambaa chake, akaikumbatia, akaondoka bila kumtazama Fundi, na hakuonekana kama anafanya makusudi.

Msimamizi alimvuta Chiriku pembeni. Hakuwa mtu mbaya. "Nilitaka iwe," alisema. "Kweli nilitaka. Lakini niliwaita watu waje kusikia, nao wameondoka hawakusikia. Nitawaambia nini wale wengine wanaosubiri chumba?"

"Naelewa, mama," Chiriku alisema.

Kiongozi wa wapambaji alikuwa ameshaanza kupima ukuta kwa mkanda.

*

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa na utulivu ambao hakuna aliyeuomba. Chiriku aliamka, akasalimia, akala, akaosha chombo chake. Ukimuuliza anajibu. Hazidishi.

Mama Chiriku alivumilia, kisha akashindwa. Alimkuta mumewe amekaa mbele ya meza yake, haangalii kitu.

"Fundi, kazi yako haina kasoro," alisema. "Na mtoto umemtengeneza. Hatoi mlio."

Maneno hayo yalimfanya ainuke. Chiriku alikuwa chumba cha pili, anapiga pasi shati lenye nembo ya duka la simu. Fundi alisimama mlangoni, pale pale mkewe alipokuwa amesimama siku ile na shuka begani.

"Mwanangu, nimekukosea. Naomba unisamehe."

Chiriku alipitisha pasi kwenye kola. "Nilikuambia viungo, Baba."

"Nilidhani unaona aibu."

"Aibu ya nini?"

"Ya kazi yao. Nilidhani vimewashinda, unaogopa kuniambia."

"Ulidhani vimewashinda wao, au ulidhani mimi sikuweza kuwafundisha?"

Lilikuwa swali la haki, na jibu lake halikuwa zuri. "Yote mawili," Fundi alisema.

Chiriku aliisimamisha pasi. "Na mimi nina kosa. Ningekueleza kwa sentensi moja tu, usingegusa. Nilijua utaniambia tena michezo ya watoto, nikaona heri niseme kidogo."

"Nilikosea kusema vile."

"Ndiyo, ulikosea." Alivuta pumzi. "Nimekusamehe, Baba. Kweli. Lakini mimi sikuharibikiwa chombo. Wenye vyombo wako majumbani kwao."

*

Fundi alikwenda kwa Mwashi, akamkuta juu ya jukwaa la mbao, na Mwashi akamwambia kwa sauti iliyosikika mtaa mzima kwamba yameshakwisha, sanduku linaguna vizuri, na mke wake ameshalifungia kabatini. Alikwenda saluni kwa Msusi.

"Kaa, Mzee, karibu," Msusi alisema, akivuta kopo lake na kulificha nyuma ya vioo. "Ila ukiligusa hili, nakusuka hizo nywele zilizobaki."

"Sigusi."

"Basi tumepatana."

Kwa Bibi Karani alikwenda mwisho, kwa sababu ndiko alikoogopa. Alikuwa amechakura taka zote za meza yake mpaka akakiona kijidude cha mwanga, miguu imekatwa fupi mno, hakifai tena. Alinunua kingine, akakifunga kwenye karatasi.

Sebule ya Bibi Karani ilikuwa kubwa kuliko alivyodhani. Palikuwa na meza ndefu ya watu wengi na kiti kimoja tu kilichoonyesha kwamba kinakaliwa. Kabati lilikuwa na tundu mahali pa droo.

"Shikamoo, Bibi. Nimekuja kuomba radhi, na kurudisha nilichokata."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi."

"Ndiye mimi."

Bibi alimletea droo. Fundi alikuwa ameshaishika bisibisi, amekwishaona pa kuanzia. Dakika chache tu na kazi ingekwisha. Alikuwa anajua waya gani unakwenda wapi, lakini hakuwa anajua chombo hiki ni cha nini, na ilikuwa ajabu jinsi ambavyo katika umri wake wote hakuwahi kukaa mbele ya mtu na kumwuliza hivyo. Aliirudisha bisibisi mfukoni, akaweka mikono juu ya magoti.

"Bibi, ulitaka ilie vipi?"

Bibi Karani alimtazama kuona kama anatania.

"Masjala ni mahali pa kimya," alisema. "Hata ukikohoa unaomba radhi. Nilizoea. Lakini nyumbani nilikuwa na mwanaume wa kelele. Kila asubuhi nikifungua pazia, mwanga ukimpiga, analalamika. 'We mwanamke, jua limekukosea nini?' Kila siku ya Mungu. Nilikuwa namwambia utaniua na malalamiko yako." Alinyoosha gauni lililokuwa limenyooka. "Alitangulia yeye. Sasa nafungua pazia, hakuna anayesema kitu."

Fundi alilitazama lile tundu la kabati.

"Usinidhanie. Sina wazimu, najua ni droo. Wala haikuwa sauti yake. Lakini ilikuwa inalalamika. Mwanao alinisaidia kuitafuta, alikaa na mimi mpaka tukaipata. Inaanza chini, haitaki. Halafu inapanda, inakatika kidogo. Halafu inashuka tena, kama mtu anayegeukia ukutani ajifunike."

"Inakatika kabla haijapanda, au ikishapanda?"

"Ikishapanda."

"Na ikishuka, inaisha, au inabaki?"

Bibi Karani alifumba macho. "Inabaki kidogo. Inanung'unika." Alifumbua. "Unaweza?"

Fundi alitazama nyaya. Angeweka kijidude kipya, na droo ingelia, bila shaka. Ingelia kama chochote. "Kuinyamazisha ningeweza nikiwa nimelala," alisema. "Hivi unavyotaka, siwezi. Lakini nitamfikishia anayeweza."

Alipokuwa anaaga, bibi alimshika mkono mlangoni. "Mwambie mwalimu hii meza inachukua watu, akipenda kufundishia hapa. Wote hawataenea. Na nyaya zake zisinichomee zulia."

*

Chiriku alikuwa anakunja shati la dukani, lenye nembo, alitie kwenye mkoba tayari kwa kesho. Fundi aliweka droo mbele yake, na karatasi yenye kijidude kipya juu yake.

"Kuna ujumbe wa meza na zulia, nitakuambia baadaye," alisema. "Kwanza hii. Mwenyewe amenieleza anavyotaka, na mimi siwezi. Naomba unifundishe."

Chiriku aliiangalia droo, hakuigusa. "Alisemaje?"

"Inaanza chini. Haitaki. Inapanda, na ikishapanda inakatika. Halafu inashuka, inabaki inanung'unika, kama mtu anayegeukia ukutani ajifunike."

"Alisema hivyo? Ajifunike?"

"Neno kwa neno."

Shati lilikuwa bado mikononi mwake. Akaliweka kwenye kiti, akavuta droo karibu, akainama kuiangalia miguu iliyokatwa. "Ile ya kwanza niliifanya kwa kubahatisha na yeye mwenyewe akisikiliza. Inaanza chini kiasi gani, Baba? Hakukuonyesha?"

"Alinieleza kwa maneno tu."

"Maneno hayatoshi. Nifanyie."

"Nifanye nini?"

"Huo mlio. Wewe ndiye uliyemsikia."

Fundi alitazama mlango, kama kuna mteja anayeweza kuingia. Alivua miwani. Aliweka kiganja kifuani, akaanza chini kabisa, kwa sauti ambayo hata yeye hakuwa anajua kwamba anayo, mlalamiko wa mtu mzima aliyeamshwa na jua. Ukapanda, ukamkatikia kooni, ukashuka.

"Nani anakufa huko?" Mama Chiriku alipaza sauti kutoka uani, katikati ya kamba za mashuka.

"Hakuna, Mama! Ni Baba!" Chiriku alikuwa ameshashika pasi ya kulehemu, na uso wake ulikuwa umegeukia mdomo wa baba yake, hauendi kwingine. "Pale mwisho, anaponung'unika. Sikupapata vizuri. Rudia."

Fundi akavuta pumzi, akarudia.